Kikombe hakina pa kupotelea

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu.

Nakuandikia habari za kile kikombe cha hedhi nilichokutumia, cha kuvaliwa ukeni kikinge damu badala ya pedi. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani, sebuleni wanakupa pole. Ile simu yako ya Alhamisi nilitoka nayo na kanga moja nikajibanza nyuma ya banda la kuku. Nilidhani nanong'ona. Kumbe nilikuwa napaza: "Chuchumaa, mama! Usikivute! Sukuma kidogo!" Asubuhi jirani akaja na bakuli la uji wa pilipili manga, anauliza nani kajifungua.

Leo nacheka. Usiku ule sikucheka. Nilikuwa nakusikia unalia bafuni, wenzako wanagonga mlango, nawe unasema, "Mama kimepotea, kimepanda tumboni." Na kilipotoka, neno lako la kwanza lilikuwa "Sikitaki tena, nakitupa." Halafu salio likaisha.

Basi barua hii ni ya neno hilo. Ukitaka kukitupa, kitupe. Lakini usikitupe kwa kosa langu mimi.

Kwa sababu kosa ni langu. Nilikitia katikati ya kanga, juu nikaweka mtungi wa achari, na ile karatasi ya maelezo nikaitoa. Ilikuwa na michoro, na nikaona haya kondakta wa basi akifungua mzigo. Sikukwambia hata neno moja, nikajisemea msichana wa chuo atajua mwenyewe. Kwetu mama hayasemi haya. Mimi nilipovunja ungo, bibi yako aliniambia "haya, umekuwa," basi, akamwita somo yangu. Somo ndiye aliyenifunza kukunja kitambaa, kukifunga, kukifua usiku na kukianika chini ya shuka lisije jua likakiona, jua lilelile ambalo lingekikausha na kuua vijidudu. Wewe ulivunja ungo ukiwa bweni, hukupata hata somo wa kukukosesha. Kwa hiyo leo nihesabu mimi ndiye somo yako, na uniwie radhi kama mkono wangu unatetemeka, ni haya, si homa.

Kosa la pili ni la kipimo. Vikombe vya hedhi vingi huja kwa saizi mbili, kidogo kwa msichana au asiyezaa, kikubwa kwa aliyekwisha kujifungua. Nilikununulia sawa na changu, mimi mama wa watoto wanne. Fundi cherehani mzima, sikati sare ya mtoto bila kumpima kwa futi, nikamvalisha binti yangu gauni la mama yake. Cha kwako kilikuwa kipana na kigumu. Si ajabu kilikubana.

Sasa nikwambie nilivyokijua. Kuna nesi mmoja ninamshonea sare. Siku hiyo alikuja kujaribu, akaniona nimekaa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, akajua. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha, na dukani kwetu bei haikushuka hata thumuni, kwa hiyo mimi nilikuwa nakwepa pedi kila nilipoweza. Nesi akatoa kikombe kwenye mkoba, cha silikoni, laini kama chuchu ya chupa ya mtoto. Nikamuuliza swali lilelile uliloniuliza wewe bafuni: kikizama je?

Hakunijibu kwa maneno. Alichukua mkono wa blauzi niliokuwa nashona, akaukunja juu, akaufunga kwa pini. Akaacha nafasi ya kupita ncha ya sindano tu. Kisha akaingiza kikombe kwa chini, akakisukuma mpaka kikagota. "Tazama," akasema. "Huku juu kumefungwa. Pale kwenye pini ndiyo shingo ya kizazi. Damu inateremka, kikombe hakipandi. Kitaenda wapi?"

Hicho ndicho ningekuonyesha kabla sijakufungia mzigo. Uke si handaki linalofika tumboni. Ni mfuko uliofungwa mwisho, na urefu wake haufiki hata shibiri yako. Kikombe kinaweza kupanda mpaka kikagusa huko juu, ukaona umekikosa, lakini kipo hapo hapo.

Kilichokutokea wewe ni mambo mawili. La kwanza, uliogopa, na mtu akiogopa misuli ya nyonga hubana, ikibana inakishika kikombe na kukisukuma juu. Kadiri unavyohangaika ndivyo kinavyokwenda mbali. La pili ni mfyonzo. Unakumbuka baba yako alipopigwa hijama mgongoni, ulivyokodoa macho kuona vile vikombe vimeng'ang'ania ngozi? Yule mtaalamu hakuving'oa, alifungua hewa kwanza, vikaanguka vyenyewe. Hiki nacho ni hivyo hivyo. Ukivuta kile kijiti kilicho chini ya kikombe bila kutoa hewa unajivuta nyama zako mwenyewe, ndiyo yale maumivu uliyosema ni kama kunyofolewa.

Kwa hiyo siku nyingine, ikiwa itakuwapo siku nyingine, nawa mikono, kaa kwanza. Pumua mpaka mabega yashuke. Chuchumaa, maana kuchuchumaa kunaifupisha njia. Sukuma taratibu kama mtu aendaye haja kubwa, mpaka kitako cha kikombe kikufikie kwenye vidole. Kijiti ni cha kukuongoza tu. Shika kitako chenyewe, kibonyeze mpaka usikie kimelegea, au pitisha kidole pembeni ukunje ukingo wake, ndipo uteremshe huku unakitikisa upande huu na huu. Kikikataa, kiache. Vaa, kunywa chai, rudi baada ya nusu saa au saa nzima. Hakuna kilichoharibika. Ila usikiache mwilini zaidi ya muda wa saa 12. Ikifika hapo hujafanikiwa, nenda zahanati, nesi atakitoa kwa dakika chache, na usione haya, wao wanatoa mengi kuliko hayo.

Kukiingiza nako kuna ufundi wake. Watu wengi hukunja kikombe bapa kisha wakakipinda mara mbili, kikawa kama herufi C. Kwa msichana mimi naona ule ukunjaji mwingine ni mwepesi: bonyeza ukingo mmoja kwa kidole, uingie mpaka ndani, kikombe kinachongoka kama tambuu iliyokunjwa na mtu anayejua. Kiloweshe kwa maji safi, basi. Usipake mafuta ya nazi wala ya mgando. Anza siku damu ikiwa nyingi, maana siku kavu kitakukwaruza, na usijaribu asubuhi una kipindi cha saa mbili. Jaribu siku huna safari. Kielekeze nyuma, upande wa mfupa wa kitako, usikielekeze juu kuelekea kitovuni. Nadhani hapo ndipo ulipokosea, kwa sababu ulisema kilikuwa kinagonga ukuta. Kikishaingia kiache kifunguke, kisha zungusha kidole kwenye kitako chake. Kikiwa cha mviringo, kimekaa. Ukisikia bonde, hakijafunguka, kitavuja.

Kikikaa sawasawa hukisikii. Ndiyo kipimo. Ukisikia kijiti kinachoma, kitoe kikombe nje ndipo ukikate, kidogo kidogo, kwa mkasi mkali. Mimi nilikata kwa mkasi wa kitambaa, kikabaki kipisi, na sijakijutia. Lakini usiguse kikombe chenyewe.

Siku za kwanza utasikia ugeni, kama kiatu kipya. Ugeni ni sawa. Maumivu makali si sawa, hayo ni ya kutoa na kuacha, hakuna nishani ya kuvumilia. Yule nesi alinionyesha kwenye simu utafiti wa mwaka 2019, uliotoka katika jarida la Lancet Public Health: walikusanya tafiti 43 zenye washiriki 3,319. Pale walipoulizwa kama wangependa kuendelea na kikombe, kama saba katika kila kumi walisema ndiyo. Lakini wengi hawakukizoea mwezi wa kwanza. Hata kule Siaya, magharibi mwa Kenya, wasichana wa shule wa miaka 14 hadi 16 waliopewa vikombe walichukua miezi wakijaribu na kuacha na kujaribu tena. Wewe umejaribu usiku mmoja, tena kwa kikombe cha mama yako.

Sasa lipo swali hukuniuliza, na ninajua unalo kwa sababu hata mimi lilinikaa kooni siku nzima nilipokinunua. Ubikira.

Nitakwambia kweli yote, si nusu. Kizinda si mlango uliofungwa. Kingekuwa kimeziba, hedhi yako ingepita wapi? Ni utandu mwembamba ulioko pembeni ya njia, una uwazi, na kila mwanamke ana wake: mwingine mpana, mwingine mwembamba, mwingine kazaliwa nao mdogo hata hauonekani. Kikombe kinaweza kuuvuta, na wengine kinaweza kuuchana kidogo ukatoa damu. Sitakuficha hilo. Lakini ubikira ni jambo la mtu na mtu mwenzie, silikoni haimwingilii mtu. Na hakuna anayeweza kukutazama akajua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa walisema wazi kwamba hivyo vipimo vya ubikira havina msingi wowote wa kitabibu, vikomeshwe.

Hata hivyo hatuishi Umoja wa Mataifa, tunaishi Ngamiani. Bibi yako ndiye aliyetoka chumbani na kisarawanda changu, kile kitambaa cha damu ya usiku wa harusi, nami nilisikia vigelegele nimejifunika shuka mpaka kichwani. Usiku ule nilikuwa namfikiria rafiki yangu aliyeolewa miezi mitatu kabla yangu, ambaye mlangoni pake hapakuwa na vigelegele. Alirudishwa kwao na maneno yakamfuata mtaani miaka. Mimi namjua tangu tukiwa madrasa, na mpaka leo naapa hakuwa na kosa. Kwa ajili yake, mimi sitatoka na shuka ya binti yangu mlangoni kwa mtu yeyote. Shangazi zako watasema, nami nitawaacha waseme.

Lakini mwili ni wako, na roho yako ndiyo itakayolala nao. Ukiona bado hujatulia, subiri. Pedi si ushamba. Nimekushonea vitambaa vya pamba vyenye vifungo, vya kufua na kuanika juani, mchana kweupe. Kama unaye mwenzio hosteli aliyekeketwa, naye akaona chako akatamani, mwambie asianze kabla hajaonana na nesi, njia yake inaweza kuwa imebanwa na kovu na atajiumiza.

Uliuliza pia kuhusu sumu, kwamba umesoma kuna msichana kafa. Hilo ni ugonjwa kweli. Ulivuma Marekani mwaka 1980 kwa tamponi, vile vipande vya kunyonya damu vinavyoingizwa ukeni, zilizokuwa zinanyonya mno na kukaa muda mrefu, bakteria fulani hutoa sumu inayoingia kwenye damu. Kwa kikombe ni nadra sana. Katika zile tafiti zote nilizokutajia walikuta visa vitano vilivyoripotiwa. Ila nadra si kamwe, kwa hiyo yakariri haya: homa kali ya ghafla ukiwa umevaa kikombe, kutapika, kuharisha, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, mwili mzima kuuma, ngozi kama iliyoungua na jua. Kwa weusi wetu huenda wekundu usiuone, basi usingoje kuuona. Toa kikombe, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie ulikuwa umevaa nini. Usiseme malaria.

Na harufu isiyo ya kawaida, muwasho, au mkojo kugoma kutoka ukiwa umekivaa, hayo nayo ni ya kukitoa na kumwona mtu. Nesi aliniambia pia kwamba mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango awe mwangalifu, kikombe kikivutwa na hewa yake kinaweza kuking'oa kitanzi. Hilo ni la kwangu, si lako. Usimwambie shangazi yako.

Usafi haunitishi kwako, nimekulea mwenyewe. Kucha fupi tu. Kabla ya hedhi kuanza na ikishamalizika, kichemshe kwenye maji mengi yanayotokota, dakika tano hivi, na usiondoke jikoni. Cha kwangu cha kwanza nilikiweka, mteja akaja kupimwa, tukaingia kwenye habari za harusi ya watu, niliporudi sufuria imekauka na kikombe kimeungua ubavu. Elfu thelathini na tano, mama. Siku zenyewe za hedhi, kukisuuza kwa maji safi kunatosha. Maji yenu huko Dodoma najua yanakatika, kwa hiyo ingia chooni na kopo lako au chupa. Ukikosa kabisa, mwaga, kifute kwa karatasi safi ya chooni, kirudishe, utakiosha ukipata maji. Na uinamie mbali na tundu la choo. Kikitumbukia, mwachie Mungu, usikifuate. Wala usimwazime mtu, hata rafiki wa kufa na kupona. Siku zikiisha kihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, kisifungiwe ndani ya plastiki, kinahitaji hewa. Kikigeuka rangi kikawa kama chai ya rangi iliyopoa, si uchafu, ndivyo kinavyozeeka.

Jambo moja nililolipenda mimi kwenye kikombe, ambalo hakuna kitambaa kilichowahi kunipa, ni kuiona damu ilivyo. Miaka yote nilidhani natoka ndoo. Kumbe hedhi nzima ya mwezi mmoja kwa wanawake wengi ni kati ya vijiko sita na kumi na sita vya chai, kitambaa ndicho kinachoitawanya ikaonekana mafuriko. Siku ya kwanza nilikishika kwenye taa nikakitazama kama mtu anayetazama mchuzi. Ni damu tu, nyekundu, safi, haikuwa ile kitu ya kufichwa chini ya shuka. Wewe ukiona kinajaa kila baada ya saa mbili, mwezi baada ya mwezi, kapime wingi wa damu, bibi yako alikaa miaka na upungufu wa damu tukidhani ni uvivu.

Kesho kwa basi la asubuhi nakutumia mzigo. Ndani kuna kikombe kidogo, laini zaidi, ambacho nesi mwenyewe amenichagulia, na safari hii karatasi ya maelezo imo, na michoro yake yote, kondakta akitaka asome. Kuna vitambaa sita nilivyovishona jana, kwa kitenge cha ile sare ya harusi ya binamu yako. Kuna achari ya embe. Na kuna sufuria ndogo yenye mfuniko, nimeikwaruza msalaba chini ili mwenzio asije akaipikia tambi.

Baba yako ameiona hiyo sufuria mezani, akauliza mtoto wa hosteli anakwenda kupika nini. Nimemwambia mayai. Akakaa kidogo, akaniuliza, "Ndiyo mayai yaliyokutoa nje usiku wa Alhamisi?" Sikumjibu. Baadaye nimekuta ametia elfu kumi ndani ya sufuria.

Wasalaam,
Mama yako